Nagasaki kwa Miguu: Mwongozo kwa Wawili Waliosoma Pamoja

Mtu akiniambia anakwenda Japani kumtembelea mwenzake waliyesoma naye sekondari, na wana siku tatu tu za kutembea, namwambia waache Tokyo, waende Nagasaki. Tokyo ni jiji la kupita chini ya ardhi: unazama kituoni, unaibukia mtaa mwingine, na hapo katikati hamjaona chochote. Nagasaki imebanwa kati ya bahari na vilima. Ghuba yake nyembamba imeingia ndani sana, na mji umepanda vilimani pande zote, nyumba juu ya nyumba, hata mitaa mingine haina njia ya gari. Ina ngazi tu.

Ngazi hizo ndizo zinazowafaa marafiki wa zamani. Watu walioachana miaka mingi huona tabu kukaa mezani saa tatu wakitazamana na kuulizana habari za maisha. Baada ya wazazi, watoto na kazi, maneno hukauka. Wakitembea, kila mmoja akitazama mbele, wakisimama kwenye kona kuvuta pumzi, yale yasiyosemeka mezani hutoka: nani alikuonea bwenini, mwalimu gani alikuokoa, ndoa imekuwaje. Kwa hiyo kanuni yangu ya Nagasaki ni moja, na nitairudia: pandeni kwa chombo, shukeni kwa miguu. Anayepanda kwa miguu hana pumzi ya kuongea.

Si ajabu mwenzako awe anaishi huko huko. Chuo Kikuu cha Nagasaki kina taasisi ya magonjwa ya nchi za joto, na tangu 2005 kimekuwa na kituo Nairobi kinachofanya utafiti pamoja na KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, kwa hiyo njia kati ya Afrika Mashariki na mji huu imekwisha kukanyagwa. Kama yuko huko, kazi yake ya kwanza ni karatasi. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza, na unapokwenda kumtembelea mtu, ubalozi hutaka barua ya mwaliko kutoka kwake pamoja na ratiba ya siku utakazokaa. Mwambie aanze mapema.

Ukifika Japani, treni ya kasi itakushusha kituo cha Hakata, mjini Fukuoka. Kutoka Hakata mnapanda treni ya kawaida hadi Takeo-Onsen, mnavuka jukwaa, na treni nyingine ya kasi iitwayo Kamome inawasubiri upande wa pili. Njia hiyo ilifunguliwa Septemba 2022, na safari yote kutoka Hakata ni kama saa moja na nusu. Nendeni Aprili na Mei, au Oktoba na Novemba. Juni ni mvua, na vidato vya mawe vikilowa huteleza vibaya. Agosti ni joto zito lenye unyevu, hata mtu wa Mombasa atalilalamikia.

Kabla ya hayo yote, zungumzeni fedha. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimeona urafiki mzuri ukiingia doa kwa bili ya chakula. Mlipokuwa shuleni mlikuwa sawa, mnakula ugali na maharage yale yale. Sasa huenda mmoja ni daktari na mwingine ni mwalimu mwenye watoto wanne. Fanyeni mfuko mmoja: kila asubuhi kila mtu atie kiasi kile kile cha yeni, na nauli, viingilio na chai vitoke humo. Mwenye nacho akitaka kumkirimu mwenzake, amlipie mlo mmoja mkubwa na iishie hapo, asilipe kila kitu hadi mwenzake aone haya kuagiza. Elezaneni pia habari za magoti na presha. Huko kuna vipando ambavyo mwenye goti bovu hatavipenda, na ni bora ajulikane hotelini kuliko katikati ya ngazi.

Viatu viwe vya soli ya mpira inayoshika, na viwe rahisi kuvua, kwa kuwa katika migahawa mingine mtakaa kwenye mikeka na viatu vitabaki mlangoni. Soksi ziwe nzima. Bebeni mfuko mdogo wa taka, maana mapipa barabarani ni adimu na Wajapani hurudi na taka zao nyumbani. Maji yasiwatie wasiwasi: mashine za kuuza vinywaji ziko hata juu ya kilima, pembeni ya nyumba ya mtu. Magari huenda kushoto kama kwetu, kwa hiyo jicho lako halihitaji kujifunza upya.

Tramu ndiyo mguu wenu wa tatu. Mnapanda kwa mlango wa nyuma, mnashuka kwa mlango wa mbele, na mnalipa wakati wa kushuka. Nauli ni moja, uende karibu au mbali, na mashine iliyo karibu na dereva huvunja noti ndogo na sarafu kubwa. Ipo pia tiketi ya siku nzima, mnunue hotelini kama mtapanda zaidi ya mara tatu au nne.

Siku ya kwanza pandeni tramu hadi Ishibashi, mwisho wa njia upande wa kusini. Hatua chache kutoka hapo kuna lifti inayopanda kilima kwa mshazari, iitwayo Glover Sky Road. Ni ya bure. Jiji liliijenga kwa ajili ya wakazi, na mtapanda pamoja na wazee waliobeba vitunguu na samaki kutoka sokoni, kwa hiyo wapisheni waingie kwanza. Juu kabisa, kabla hamjafanya lolote, endeleeni kupanda kidogo hadi kilele cha Nabekanmuri, mita 169 juu ya bahari. Hiki ndicho kipando pekee cha miguu ninachokushauri bila kusita. Watalii wengi hukimbilia mlima Inasa wa ng'ambo, wenye mita 333 na gari la kamba, na mandhari yake ya usiku ni kubwa kweli. Hapa Nabekanmuri bandari yote iko miguuni penu na mara nyingi mtakuwa wachache. Tazameni ng'ambo ya maji: kreni kubwa ya chuma mtakayoiona kwenye karakana ya meli ya Mitsubishi ilisimamishwa 1909 na bado inafanya kazi. Katika karakana hiyo ndimo ilimoundwa manowari Musashi, kwa siri kubwa, ikiwa imezibwa kwa mapazia ya kamba ili wakazi wa vilima hivi wasiione.

Kisha mteremko unaanza. Ingieni Bustani ya Glover kwa lango la juu, mtoke kwa lango la chini. Wengi huingia chini na kupanda wakihema. Nyumba ya Thomas Glover, mfanyabiashara kutoka Uskochi, ilijengwa 1863, na hakuna nyumba ya mbao ya mtindo wa Kizungu iliyo kongwe zaidi yake Japani nzima. Kaeni barazani pake. Mkitoka, karibu kabisa kuna Kanisa la Oura, la 1864, lililojengwa na wamisionari Wafaransa kwa ajili ya wageni, maana Mjapani aliyekuwa Mkristo alikuwa bado mhalifu mbele ya sheria. Mwezi Machi 1865 kikundi cha wakulima kutoka kitongoji cha Urakami waliingia humo, na mwanamke mmoja akamnong'oneza Padri Petitjean kwamba wao nao wana imani ile ile. Walikuwa wameificha kwa zaidi ya miaka mia mbili bila padri, mzazi akimfundisha mtoto gizani. Likumbukeni jina la Urakami. Mtalihitaji siku ya tatu.

Kutoka Oura fuateni mteremko wa mawe wa Oranda-zaka hadi Dejima. Zamani Dejima ilikuwa kisiwa cha kutengenezwa kwa mikono, chenye umbo la kipepeo cha kujipepea, kilichokamilika 1636 ili kuwafungia Wareno mahali pamoja. Walifukuzwa nchini 1639, na tangu 1641 kisiwa kikawa cha Waholanzi, ambao kwa karne mbili hawakuwa na ruhusa ya kuvuka daraja wapendavyo. Sasa bahari imefukiwa na Dejima iko katikati ya mji, lakini nyumba nyingi zimejengwa upya kama zilivyokuwa. Msomaji wa Mombasa atatembea hapa akiwa na jambo la kumweleza mwenzake. Wareno wale wale, kwa njia ile ile ya Goa, walianza kutia nanga Nagasaki 1571 na wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, 1593. Japani iliwatoa kwa amri ya serikali, na Mombasa iliwatoa 1698 kwa kuzingirwa na Waomani. Hapo mna mjadala wa saa nzima, hasa kama mmoja wenu alikuwa bingwa wa historia darasani.

Mlale mapema. Siku ya pili pandeni basi linalokwenda Kazagashira, mtaa wa juu ya mji, na mteremke kupitia bustani yenye sanamu ya Sakamoto Ryoma anayetazama bandari. Ryoma ni kijana aliyeanzisha hapa kampuni ya meli 1865, akasaidia kuangusha utawala wa mashogun, watawala wa kijeshi, na akauawa Kyoto 1867 akiwa na miaka 31. Wajapani wanampenda sana. Nyumba inayohusishwa na kampuni yake mtaipita njiani.

Kuanzia hapo ngazi zinapita katikati ya makaburi. Kilima chote cha nyuma ya mtaa wa mahekalu, Teramachi, ni makaburi yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, na maandishi yake yametiwa rangi ya dhahabu, desturi ya Nagasaki. Wafu wa mji huu ndio wenye mandhari nzuri kuliko wote. Ni njia halali ya kupita na wakazi huipita kila siku, ila shusheni sauti na msiwapige picha watu waliokuja kuzuru. Hata nje ya makaburi, njia hizi hupita mlangoni mwa watu kabisa, chini ya nguo zilizoanikwa. Mkikutana na mtu semeni "konnichiwa" na mpeni njia, tena tembeeni mmoja nyuma ya mwingine panapobana. Marafiki wa shule wana kicheko chao, kile cha bwenini baada ya taa kuzimwa. Kihifadhini hadi mfike mtoni. Na mtaona paka wengi wenye mikia mifupi iliyopinda. Huko ndiko kwao, na inasemekana mababu zao walikuja na meli za Waholanzi kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki.

Chini, msikose hekalu la Sofukuji, lenye lango jekundu, lililoanzishwa na Wachina kutoka Fujian 1629. Uani kuna sufuria la chuma ambalo mtu mzima angeweza kujificha ndani. Lilisubiwa wakati wa njaa ya miaka ya 1680 ili watawa wawapikie uji wenye njaa. Mimi nalipenda sufuria hilo kuliko lango.

Mto Nakashima uko jirani, na juu yake Megane, daraja la mawe la matao mawili lililojengwa 1634 kwa uongozi wa mtawa Mchina. Maji yakitulia, matao na vivuli vyake hufanya umbo la miwani. Mafuriko ya Julai 1982 yaliua watu 299 pamoja na waliopotea, yakabomoa madaraja kadhaa ya mto huu na kuliharibu hili, kisha mawe yakatafutwa na daraja likarudishwa. Nunueni aiskrimu kwa kina mama wauzao kwa mikokoteni, huiumba kama ua la waridi, mkae ukingoni. Kuleni mkiwa mmekaa, maana kutembea huku unatafuna si adabu nzuri huko.

Habari ya chakula. Mlo wa mji huu ni champon, tambi nene katika mchuzi mweupe wenye kabichi, kamba, ngisi na nyama ya nguruwe. Ulianzia mgahawa wa Shikairo, uliofunguliwa 1899 na Mchina aliyetaka wanafunzi wa kwao wale washibe kwa bei ndogo, na mgahawa bado upo jirani na Oura. Mwislamu hawezi kuula kama ulivyo, hata nyama ikiondolewa, kwa sababu mchuzi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe na kuku. Usimwache mwenzako Mwislamu akikutazama unakula. Nendeni kwa samaki: bandari hii ina samaki wabichi na wa kuchoma kila kona, na samaki wa kuchomwa kwa chumvi pamoja na wali ni mlo salama. Ulizeni tu kama kuna sake au mirin, pombe za mchele zinazotiwa kwenye michuzi mingi. Kwa kiamsha kinywa, maduka madogo ya saa 24 huuza matonge ya wali yenye samaki ndani. Maduka hayo pia yana mashine za fedha zinazokubali kadi za nje.

Siku hizi mbili kila alasiri achaneni kwa saa moja. Mmoja akalale, mwingine akazurure kwenye maduka ya Hamanomachi. Mlizoea kuishi pamoja mkiwa na miaka kumi na sita, lakini watu wazima huchokana, na saa moja ya upweke hufanya jioni iwe njema.

Siku ya tatu ni ya Urakami, na msiipangie kitu kingine kizito. Tarehe 9 Agosti 1945 ndege ya Marekani ilikuwa imetumwa kuupiga mji wa Kokura, ikakuta hauonekani, ikageukia Nagasaki. Bomu la atomiki lililipuka saa 5 na dakika 2 asubuhi, mita kama 500 juu ya bonde hili. Hadi mwisho wa mwaka huo takriban watu 74,000 walikuwa wamekufa. Wakristo wa Urakami, kizazi cha wale waliojitokeza Oura, walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni, walikopelekwa kwa imani yao, 1873 baada ya marufuku kuondolewa, wakajenga kanisa kuu lao kwa miaka mingi. Inakadiriwa kwamba kati ya waumini wapatao 12,000, wapatao 8,500 waliuawa. Kanisa lao lilikuwa umbali wa mita 500 tu kutoka mahali pa chini ya mlipuko.

Msianze na Makumbusho ya Bomu la Atomiki. Shukeni tramu kituo cha hospitali ya chuo kikuu, mpande ngazi fupi hadi hekalu la Kishinto la Sanno. Lango lake la mawe limesimama kwa nguzo moja. Nusu ya pili iliangushwa na mlipuko, na vipande vyake vimelazwa karibu. Mbele kidogo kuna miti miwili mikubwa ya kafuri, ile itoayo karafuu maiti. Iliungua na kupukutika, watu wakadhani imekufa, kisha ikachipua. Mashina yake bado yana makovu. Simameni chini yake kwanza, ndipo mwende makumbusho mkiwa na picha ya uhai kichwani.

Kabla ya kuingia makumbusho, patanani hivi: kila mtu aende kwa mwendo wake, asimsubiri mwenzake, mkutane nje. Kuna vitu humo, kama saa ya ukutani iliyosimama saa 5 na dakika 2, ambavyo mtu huhitaji kuvitazama bila kuangaliwa usoni. Wa kutoka kwanza asimuulize wa pili ameonaje. Nendeni kimya hadi bustani ya jirani, penye nguzo nyeusi inayoonyesha mahali pa chini ya mlipuko na kipande cha ukuta wa kanisa kuu. Kisha pandeni taratibu hadi kanisa lenyewe, lililojengwa upya 1959. Kando ya njia, kwenye ukingo wa kijito chini ya kanisa, kuba la mnara wa kengele limelala pale lilipoangukia. Malizeni na Bustani ya Amani, kwenye chemchemi iliyowekwa 1969 kwa ajili ya watu waliokufa wakililia maji. Wageni wengine humwaga maji ya chupa zao hapo. Nanyi mnaweza.

Mchana huo msiulizane maswali makubwa. Mnywe chai, mrudi hotelini kwa tramu.

Asubuhi ya kuondoka wekeni mizigo kwenye makabati ya kukodi kituoni, mpande Nishizaka, dakika tano tu kwa miguu. Hapa Wakristo 26 walitundikwa misalabani Februari 1597 kwa amri ya mtawala Toyotomi Hideyoshi, baada ya kutembezwa kutoka Kyoto. Ila kuna habari nyingine ya mahali hapa ninayopenda wawili waliosoma pamoja waijue. Mwaka 1582 vijana wanne, wanafunzi wa seminari moja huko Arima, walipanda meli Nagasaki kwenda Roma kumwona Papa: Ito Mancio, Chijiwa Miguel, Hara Martino na Nakaura Julião. Walikuwa na umri wa sekondari. Wakirudi, walikaa miezi kadhaa Kisiwa cha Msumbiji wakisubiri upepo, pwani yetu hii, wakafika nyumbani 1590 wakiwa wanaume. Baada ya hapo dunia iliwatawanya. Mancio alifariki Nagasaki 1612. Miguel, inasemekana, aliiacha imani. Martino alifukuzwa nchini akafia Macau 1629. Julião alibaki akihudumu kwa kujificha, akakamatwa, akauawa hapa Nishizaka 1633.

Treni za Kamome huondoka mara kwa mara, kwa hiyo hamna haja ya kukimbia. Nunueni kituoni keki ya castella, ambayo Nagasaki iliipata kwa Wareno: moja ya kupeleka nyumbani, na moja ndogo ya kugawana njiani hadi Takeo-Onsen, kwa mfuko wenu ule ule. Yeni zitakazobaki gawaneni sawasawa kabla ya kuachana.